Mzigo wa Mwuguzaji Si Kanda la Usufi

Wahenga wetu walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake. Atazamaye kando huuona mwepesi. Leo nataka tuutazame mzigo mmoja uliomo katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kutoka Vanga hadi Kiunga. Nao ni mzigo wa kumuuguza jamaa asiyejiweza.

Simsemi muuguzi wa hospitali, ambaye ameisomea kazi yake, ana zamu yake na mwisho wa mwezi hupokea mshahara. Namsema mwuguzaji wa nyumbani. Huyu ni binti aliyeacha kazi ili amtazame mama yake aliyepooza. Ni mke ambaye mumewe amepatwa na kiharusi. Ni nyanya anayemlea mjukuu asiyeweza kuketi wala kusema. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Amgeuze mgonjwa ubavu asije akafanya vidonda mgongoni, amwogeshe, amtawadhishe apate kuswali kitandani, amlishe uji kijiko kwa kijiko, ampe dawa kwa saa zake, kisha akafue mashuka. Usiku nao hana usingizi wa kutulia. Zamu yake haina wa kumpokea.

Sisi tupitao barazani humwambia, "Mungu atakulipa," tukaenda zetu. Maneno hayo ni ya kweli, wala hapana Mwislamu atakayeyapinga. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, wema kwa wazazi umetajwa papo hapo baada ya amri ya kumwabudu Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini mimi nauliza: je, kwa kuwa malipo ya Mungu yapo, ndiyo wanadamu na serikali yao wameondokewa na wajibu? La hasha. Thawabu ni baina ya mja na Mola wake. Haki ni baina ya raia na serikali yake. Moja haiifuti nyingine.

Tena tusidhani kuwa jambo hili ni la nyumba mbili tatu. Shirika la Taifa la Takwimu lilichunguza mwaka 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia wakati wao. Lilikuta kwamba mwanamke hutumia kiasi cha saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na za utunzaji zisizo na malipo, na mwanamume karibu saa moja tu. Pale penye mgonjwa wa kitandani, kila mtu aliyewahi kuuguza ajua ya kuwa saa hizo nne na nusu huisha kabla ya adhuhuri.

Hebu tupime jambo moja ambalo sisi watu wa pwani twalijua vizuri. Mabinti zetu wangapi wamepanda ndege kwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani? Huko binti humwogesha mama wa mtu mwingine, humlisha na kumkesha. Hiyo huitwa kazi. Ina mkataba na ina mshahara, na pesa anazotuma nyumbani huingia katika hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Binti huyo huyo akirudi Majengo au Malindi akamfanyia mama yake mzazi mambo yale yale, huambiwa kuwa "amekaa tu nyumbani." Mikono ni ile ile na jasho ni lile lile. Kilichopungua ni nini, isipokuwa sisi kukubali kuihesabu?

Sheria zetu nazo zamwona nusu nusu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada wa kufaa kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Yamewekwa mabega mawili chini ya mzigo huo. Bega la jamaa limeinama mpaka linauma. Bega la pili liko wapi?

Sisemi kwamba hapana lililofanywa. Upo mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa wazee waliotimiza miaka 70, na nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Twashukuru. Lakini kiasi hicho kimesimama pale pale kwa zaidi ya miaka 10, ilhali bei ya unga, mafuta na dawa haikusimama. Tena fedha hizo ni za mgonjwa. Mwuguzaji huzipokea kwa niaba yake tu. Yeye mwenyewe hana jina katika daftari lolote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya mwaka, ya uzazi, na ya ugonjwa akiugua yeye. Likizo ya kumuuguza mzazi haimo. Ndipo binti huacha kazi. Siku mgonjwa anapofariki, miaka 10 imekwisha pita, hana akiba ya uzeeni katika NSSF, hana ujuzi mpya, na mgongo umeharibika kwa kunyanyua. Baada ya hitima watu hutawanyika, naye hubaki kuanza maisha upya akiwa na mvi.

Wako wanaosema kwamba Serikali ikitia mkono, ikhlasi itaondoka, na watoto watawaangalia wazazi wao kwa tamaa ya pesa. Hoja hii yafaa kujibiwa kwa heshima. Tuitazame Sura ya Tawba, aya ya 60, inayowataja watu wanane wanaostahiki zaka. Mmoja wao ni yule anayeikusanya na kuitumikia. Kazi yake ni ibada, na bado amewekewa fungu lake. Na katika Kitab al-Kharaj, Kadhi Abu Yusuf amesimulia habari za Sayyidna Umar kumkuta mzee wa Kiyahudi akiomba. Hakumwambia akawaombe jamaa zake. Aliamuru apewe riziki kutoka Baitulmali. Ikiwa mzee asiyekuwa wa dini yake aliangaliwa hivyo, itakuwaje sisi tuone haya kuidai hazina ya taifa iwatazame wazee wetu na wale wanaowabeba?

Katika miaka hii ya karibuni idara ya Serikali inayohusika na mambo ya jinsia imekuwa ikitayarisha rasimu ya sera ya taifa ya utunzaji. Hilo ni jema, lakini sera yaweza kuandikwa vibaya. Uingereza ilianza kuwapa wauguzaji wa nyumbani posho mwaka 1976, ila mwanamke aliyeolewa alinyimwa, kwa hoja kwamba yeye angekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyekuwa akimuuguza mama yake, afike mpaka Mahakama ya Ulaya ndipo haki hiyo ikapatikana mwaka 1986. Hata baada ya hapo wauguzaji wengi wa huko walitakiwa kurudisha maelfu ya pauni kwa sababu walichuma kidogo kupita kipimo kilichowekwa. Basi tujifunze kwa makosa ya wenzetu. Sera yetu isimsahau mke wala mama, na isimwadhibu anayeuza maandazi au kushona kofia mgonjwa alalapo.

Mimi naona mambo manne yangetosha kuanzia. La kwanza, mwuguzaji aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na shilingi 2,000 zile ziongezwe, fungu moja likiwa lake. La pili, Serikali imlipie mchango wa bima ya afya na wa NSSF kwa miaka yote anayouguza. La tatu, wahudumu wa afya wanaopita vijijini na mitaani wamfundishe kumnyanyua na kumgeuza mgonjwa, na kila kata ndogo iwe na mahali pa kumpokea mgonjwa siku moja kwa juma ili mwenziwe apumzike. La nne, mwajiri alazimishwe na sheria kutoa likizo ya kuuguza, kwa mwanamume na kwa mwanamke sawasawa.

Nasisitiza mwanamume kwa makusudi. Amri ya kuwatendea wema wazazi haikuteremshwa kwa mabinti peke yao. Ndugu atumaye pesa kutoka Nairobi au Dubai kisha akadhani amemaliza, ajue kwamba pesa hazimgeuzi mgonjwa ubavu. Nasi wa hapa mitaani tusikae kuingoja Serikali huku tumekunja mikono. Kamati za misikiti zaweza kuandika orodha ya nyumba zenye wagonjwa wa kitandani. Wenye mali waweza kuweka wakfu wa viti vya magurudumu na vitanda vya kuazimwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini hayo yote yawe nyongeza, yasiwe kisingizio cha Serikali kuutua mzigo wake. Wabunge wetu, na madiwani wetu katika kaunti zote sita za pwani, wakija kuomba kura huingia mpaka uani. Basi safari hii tuwaongoze mpaka chumba cha mgonjwa, wamwone anayemuuguza, kisha tuwaulize: bega lenu liko wapi?