Tupangie siku ambayo kivuko hakiondoki

Kila chombo kipya kinaposhushwa majini hapa nchini, utepe hukatwa, hotuba hutolewa na vipimo vyake hutajwa: abiria wangapi, magari mangapi, tani ngapi, shilingi bilioni ngapi. Ni habari njema, na watu wa visiwani wana haki ya kuishangilia. Lakini kuna swali ambalo katika hotuba hizo halisikiki sana: siku chombo hicho kitakapopandishwa chelezoni kwa ukarabati, au injini itakapogoma, abiria watapanda nini? Naamini swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia mengine yote. Mkazi wa kisiwa kidogo anahitaji uhakika kuliko anavyohitaji chombo kikubwa, na uhakika hupatikana pale tu mpangaji anapoanza na siku mbaya, kisha ndipo akaja kwenye siku ya kawaida.

Tuitazame Mafia. Wilaya hii ya Mkoa wa Pwani iko mkabala na delta ya Mto Rufiji, na sensa ya 2022 ilikuta humo zaidi ya watu 60,000. Anayetoka Dar es Salaam kwa njia ya wengi hushika barabara ya Kilwa, anaiacha pale Bungu na kukunja kushoto hadi Nyamisati, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Kibiti. Hapo atapanda kivuko cha MV Kilindoni, kilicho chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, au boti ya mtu binafsi, apite katikati ya mikoko kabla ya kutokeza bahari kuu na kuelekea gati la Kilindoni. Mwenye uwezo hupanda ndege ndogo na kutua kisiwani chini ya saa moja. Wala safari haiishii Kilindoni kwa kila mtu. Wa Chole, Juani au Jibondo bado ana kipande cha barabara hadi Utende, kisha mashua, na mashua hizo nazo husubiri maji. Safari ya mtu mmoja kutoka Mbagala hadi Jibondo inakabidhiwa mara nne au tano kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mkono mmoja ukichelewa, iliyobaki yote inavurugika.

Chukua mfanyabiashara wa pweza. Anakusanya mzigo Jibondo na Juani, anaupanga kwenye deli, anaumwagia barafu, anauvusha hadi Utende na kuupeleka Kilindoni. Barafu ile ina saa zake. Akijua chombo kinang'oa nanga alfajiri, atanunua barafu ya kumtosha na kumpigia simu mnunuzi wa soko la Feri ajiandae kupokea. Akijibiwa "labda kesho", ama atanunua barafu mara ya pili, ama atauza mzigo palepale kisiwani kwa bei atakayopangiwa, kwa sababu anayenunua anajua kwamba muuzaji hana pa kwenda. Mgonjwa mwenye miadi Muhimbili ataondoka kisiwani siku mbili kabla, atafute pa kulala mjini, na ndugu wa kumsindikiza apoteze wiki nzima ya kazi. Hasara hizi hazimo kwenye bei ya tiketi, kwa hiyo hazionekani kwenye vitabu vya wakala yeyote. Anayezilipa ni mwananchi mmoja mmoja, kimyakimya, na ndiyo maana ni rahisi kwa mpangaji kudhani hazipo.

Na kutojua chombo kitaondoka lini huua. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya katika Kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, na kivuko kilikuwa kimekaribia kabisa kutia nanga. Taifa lilijiuliza, kwa haki, kwa nini chombo kiliruhusiwa kubeba watu wengi kiasi kile. Swali la pili, ambalo lilisahaulika haraka, ni kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, aliyezaliwa ziwani na anayejua kivuko kilichojaa kinavyoonekana, aliingia. Fikiria mama mwenye gunia la bidhaa za gulioni na watoto wanaomsubiri ng'ambo. Kama hana hakika na safari inayofuata, kivuko kilichojaa ndicho kivuko pekee anachokijua. Miaka saba kabla yake, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya sikukuu ya Idd, imebeba watu zaidi ya 2,000 ilhali uwezo wake haukufika nusu ya idadi hiyo. Gulio na sikukuu si majanga ya ghafla. Tarehe zake zinajulikana, na hata hivyo siku hizo hatukuweka chombo cha pili.

Wapo watakaosema tatizo ni nidhamu: kagueni, kamateni, futeni leseni za manahodha, na abiria wataacha kupakiwa kama magunia. Nakubali kwamba sheria lazima isimamiwe, na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, pamoja na Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar, vina wajibu huo kila siku ya Mungu. Ila msimamizi anayefunga lango la gati akiwaacha watu 80 nje bila kuwaambia wataondoka lini amehamisha hatari tu. Watu wale watateremka ufukweni na kutafuta mtumbwi au boti isiyo na maboya, jioni, upepo umeshapanda, na huko hakuna wa kuwahesabu. Lango linalofungwa halina budi kuwa na jibu nyuma yake, na jibu lenyewe ni chombo kingine chenye saa inayojulikana.

Kuhesabu kwenyewe bado hatujakufanya sawasawa. Baada ya ajali ya MV Nyerere ilikuwa vigumu kujua waliokuwemo ni wangapi, kwa kuwa aliyekuwa akikata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini. Baada ya Spice Islander, hesabu ya kwanza ilikuwa ya miili iliyoopolewa, zaidi kidogo ya 200. Tume ya uchunguzi ikaja kueleza kuwa waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Familia ziliishi miezi mizima bila kuambiwa lolote la uhakika. Orodha ya abiria inatakiwa ibaki nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa, na simu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Ningeongeza orodha nyingine ambayo nadhani ina thamani zaidi kwa mpangaji: ya walioachwa gatini. Kila siku, kila gati, wangapi walikuja na kukosa nafasi? Mizigo kiasi gani ililala? Idadi ya waliosafiri hukuonyesha chombo kilivyofanya kazi. Idadi ya walioachwa ndiyo inayokuonyesha kisiwa kinahitaji nini, na bila hiyo tutaendelea kununua vyombo kwa kukisia.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Nchi yenye mahitaji haya yote, itaachaje chombo cha mabilioni kikae bure kikisubiri kingine kiharibike kwa ajili ya watu elfu chache? Jibu la kwanza ni kwamba chombo cha akiba si lazima kiwe cha kisiwa kimoja. Kimoja pwani na kimoja ziwani vinaweza kuzunguka njia nyingi, kila kimoja kikishika zamu ya kile kilichopandishwa chelezoni. Sharti ni moja, na halina mjadala: akiba ijengwe kwa kipimo cha njia iliyo ngumu kuliko zote. Chombo kinachostahimili mkondo wa Mafia wakati wa kusi kitavuka Kigamboni au Pangani bila shida, lakini kilichojengwa kwa mkono wa bahari wa Kigamboni hakipelekwi Mafia. Somo hili tumeshalilipia. MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe Julai 18, 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilikuwa imejengwa 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, kisha ikaletwa kwenye mawimbi ambayo haikuundiwa.

Jibu la pili linahusu haki. Hakuna anayeitaka barabara ya Songea irudishe gharama zake kutoka mifukoni mwa wanaopita juu yake siku hiyo. Tunaitunza kwa tozo ya mafuta, na tunaona ni sawa. Mvuvi wa Jibondo anayejaza petroli kwenye injini ya boti yake ananunua lita ileile yenye tozo ileile, ilhali barabara yake ni ya maji chumvi. Uskoti ilitambua jambo hili. Mwaka 2008 serikali yake ilianza kujaribu, katika visiwa vya magharibi, nauli za meli zinazokokotolewa kana kwamba abiria amesafiri umbali uleule barabarani, na hazina ikafidia tofauti. Wazo ni kwamba raia asiadhibiwe kwa kuzaliwa ng'ambo ya maji. Lakini nisiifanye Uskoti kuwa pepo. Meli mbili zilizoagizwa huko 2015, zilizotakiwa kuwa kazini 2018, zilicheleweshwa vibaya. Ya kwanza, Glen Sannox, ilianza kubeba abiria Januari 2025. Kwa miaka yote hiyo meli kuukuu ziliendelea kukongoroka, na kila moja ilipoharibika, visiwa viligombania iliyobaki. Nauli nafuu haikuwasaidia wale ambao meli yao haikuja. Fedha za ruzuku walikuwa nazo; kilichowaponyoka ni akiba.

Basi waachiwe wafanyabiashara, wengine watasema, mbona Dar es Salaam na Unguja boti ziendazo kasi zinapishana mara kadhaa kwa siku? Zinapishana kwa sababu abiria wapo, asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Penye abiria wengi soko linajitosheleza. Kwenye kisiwa kidogo mwenye boti ataondoka akijaza na kulala asipojaza, na simlaumu, maana mafuta anayanunua yeye. Njia nzuri ni serikali kuingia naye mkataba: aondoke saa iliyoandikwa, amejaza au hakujaza, naye alipwe pengo. Hapo mwenye boti binafsi anakuwa sehemu ya ratiba ya umma, na kivuko kinapokosekana tayari yupo wa kukishikia nafasi.

Ndege nayo isipuuzwe. Njia ya kurukia ndege ya Mafia iliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC uliomalizika 2013, miaka kadhaa kabla ya kivuko cha MV Kilindoni kuanza safari zake. Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba mtalii wa kuogelea na papa potwe alikumbukwa kabla ya mwenyeji. Mimi siijutii lami ile. Mgonjwa anayetoka damu hawezi kusubiri maji yajae Nyamisati, na kwake dakika zile za angani ni uhai. Kinachokosekana ni utaratibu: nani anaita ndege, nani analipa, na usiku inakuwaje. Ila ndege ya kibiashara inayoruhusu mzigo wa kilo 15 haiwezi kuwa usafiri wa kisiwa kinachoishi kwa nazi na samaki, na mpangaji asijifariji nayo.

Husemwa pia kwamba bahari haina ratiba. Kwa sehemu ni kweli, na Kimbunga Hidaya kilituonyesha hivyo kilipoingia Mafia Mei 4, 2024. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari na vyombo vikasitisha safari. Ilikuwa kazi nzuri. Kilichobaki kupangwa ni siku ya kwanza baada ya kimbunga, watu na mizigo ya siku kadhaa wanapojazana gatini kwa pamoja. Na mengi tunayoyaita ya bahari yanajulikana mapema. Kusi kina miezi yake. Bamvua na maji mafu hufuata mwezi, na saa za kujaa na kupwa huchapishwa kwa mwaka mzima, zikisogea kila siku kwa takribani dakika 50. Kivuko kinachotegemea maji kinaweza kuwa na ratiba ya mwezi mzima, kila siku na saa yake, iliyobandikwa Mbagala, Bungu, Nyamisati, Kilindoni na Utende, na kutumwa kwenye simu. Magari ya abiria ya Utende na mashua za Jibondo zingejipanga kwa ratiba hiyo hiyo bila amri ya mtu.

Bajeti ijayo ya Wizara ya Ujenzi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kila njia, Nyamisati na Kilindoni, Bugolora na Bwisya, na nyingine zote, iandikwe tarehe ya chombo kupandishwa chelezoni na jina la kitakachoshika nafasi yake siku hizo, pamoja na fedha za mafuta na mabaharia wake. Wabunge wa Mafia na Ukerewe waulize jambo hilo kabla ya kuulizia chombo kipya, na jibu walilopewa walisome kwenye mikutano ya hadhara Kilindoni na Bwisya, tarehe na jina la chombo vikiwemo.