Kipupwe Kisipuuzwe Barabarani

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Limuru, Kinangop na Molo huamkia ukungu na baridi kali. Wengi wetu tungali tumejifunika mablanketi, mwendeshaji wa bodaboda huwa keshaingia barabarani kutafuta riziki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Aghalabu baridi hii huchukuliwa kuwa karaha tu. Mimi naiona kuwa chanzo cha ajali. Hewa ikiwa na nyuzi 10 za sentigredi, anayekwenda kasi ya kilomita 50 kwa saa huhisi kana kwamba ni nyuzi 5 hivi, kwani upepo humpokonya joto la mwili. Vidole hufa ganzi mapema, navyo ndivyo vishikavyo breki ya mbele. Akichelewa sekunde moja tu kuifunga, pikipiki imekwisha kwenda takribani mita 14.

Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, humtaka mwendeshaji avae helmeti na koti lenye kuakisi mwanga. Ni vyema, lakini kuonekana si kupata joto. Naonelea vyama vya akiba vya waendeshaji viwakopeshe wanachama glavu na makoti mazito, nayo Serikali ipunguze kodi ya bidhaa hizo.

Abiria nao wasidhani kwamba haya hayawahusu. Mkono uliokufa ganzi ndio ulioushika uhai wao.