Kabla ya bikoni, majibu yarudi kijijini

Kazi yangu ni udadisi. Miradi na vyuo vinapotaka kujua wananchi wa Bonde la Kilombero wanaishije, huajiri watu kama mimi, wenyeji wa Ifakara tunaozijua njia za huku, tukapita nyumba kwa nyumba na dodoso. Zamani lilikuwa la karatasi, siku hizi limo kwenye kishikwambi. Nimeuliza kaya nyingi zina majembe mangapi, ng'ombe wangapi, zinakula mara ngapi kwa siku. Leo nina jambo moja la kusema: katika tathmini zote nilizoshiriki, sijaona hata moja ambayo majibu yake yalirudishwa na kusomwa mbele ya watu walioyatoa. Maadamu hali ni hiyo, uhifadhi wa bonde hili utabaki kuwa ugomvi.

Thamani ya bonde hailinganishwi na ugomvi huo. Mito ya Lumemo, Mngeta, Kihansi, Mpanga, Mnyera na Ruhudji yote humwaga maji yake humu. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Ndiyo yanayolifikia bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, na ndiyo yanayoshuka hadi kwenye mikoko na kamba wa delta. Mwaka 2002 ardhioevu hii iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar, ya tatu kwa Tanzania baada ya Malagarasi-Muyovozi na Ziwa Natron. Swala waitwao sheshe waliokuwa wakiishi humu walikuwa wengi kuliko popote duniani. Yupo pia ndege wa jamii ya kwera aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1990, ambaye makazi yake ni bonde hili.

Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaosema kila mtu aachwe alime na kuchunga atakapo. Mahali ambapo baba yangu alikuwa akitega migono, sasa mpunga umefika hadi ukingoni mwa mto. Sheshe wamepungua mno. Bonde linaumia, na anayelikana hilo hajapita huku.

Ila dawa tunayoipeleka inatokana na maswali mabovu. Madodoso mengi niliyobeba yana swali hili: shughuli kuu ya kaya ni ipi? Chagua moja. Mtu wa bondeni hana moja. Novemba na Desemba analima. Januari na Februari anapalilia, lake na la mwenzake kwa kibarua. Machi na Aprili maji yamejaa, anaamia ndege na kusubiri. Kuanzia mwishoni mwa Mei anavuna, na maji yanaporudi nyuma samaki wanabaki kwenye mabwawa madogo, ndipo kambale na perege wanapopatikana kwa wingi. Agosti anafyatua matofali, anakata nyasi za kuezekea, anapanda mboga penye unyevu. Ukimwandika "mkulima" ukaishia hapo, umeandika robo ya maisha yake.

Watafiti wengi huja kati ya Julai na Septemba, wakati barabara zinapitika. Wanakuta mpunga ndani, samaki wanakaushwa uani, harusi kila Jumamosi. Hakuna anayekuja Februari, wakati ghala ni tupu na gari haliwezi kufika. Basi mpango mzima wa uhifadhi unajengwa juu ya picha ya miezi ya shibe.

Nitoe mfano wa mama mmoja upande wa Malinyi. Nilimuuliza amevuna magunia mangapi, akajibu 12, nami nikajaza 12. Kwenye kompyuta huyo ni mkulima mwenye unafuu. Nilipofunga kishikwambi ndipo alipoanza kunieleza. Februari mtoto wake aliugua. Hakuwa na fedha, akauza mpunga ukiwa bado shambani kwa mfanyabiashara aliyempa chini ya nusu ya bei ya mavuno. Mwezi wa saba yule bwana alikuja na magunia yake mwenyewe, akayashindilia lumbesa, akachukua saba kati ya yale 12. Yaliyobaki yalikuwa ya kula na mbegu. Ili msimu unaofuata asirudi palepale, alikuwa amekwisha fyeka kipande kipya, kule kwenye matete, ambako maji hukaa muda mrefu na mpunga haukosi.

Hapo ndipo uharibifu wa ardhioevu ulipoanzia kwa kaya ile: deni la Februari. Dodoso langu halikuwa na nafasi ya kuliandika. Baadaye mradi ulileta mizinga ya nyuki kijijini kama shughuli mbadala. Asali ni kitu kizuri, lakini haiwezi kuingia mahali pa fedha ya kumtibu mtoto mwezi wa pili. Kikundi cha kuweka na kukopa chenye mtaji wa kutosha kabla ya Januari, au ghala la kijiji ambamo mama angeweka mpunga wake akapata mkopo kwa dhamana yake, vingeokoa matete mengi kuliko kibao chochote cha onyo.

Wapo pia ambao hawaulizwi kabisa. Maelekezo husema tuzungumze na mkuu wa kaya, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Wanawake ndio wanaovua kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, wanaobanika samaki na kuwapeleka sokoni, wanaojua kisima kipi kimeanza kukauka mapema. Wavuvi wa kambini, ambao hukaa miezi mbali na vijiji, hawamo kwenye orodha ya kaya, kwa hiyo hawamo kwenye sampuli. Wafugaji Wasukuma na Wabarbaig walikimbizwa na operesheni ya mwaka 2012 ya kuwaondoa bondeni. Waliorudi hujificha wakiona gari, na waliokubali kukaa nami walitaja ng'ombe wachache kuliko niliowaona kwa macho yangu. Siwalaumu. Anayedhani takwimu yake itatumiwa kumfukuza hawezi kuisema kweli. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye mipango ya bonde hili wasiokuwepo ni wengi.

Kisha inakuja siku ya kile kinachoitwa ushirikishwaji. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi, wakati watu wako shambani. Wageni wanaeleza walichokwisha kuamua, wakitumia maneno ambayo hata mimi ninayeifanya kazi hii hunipa taabu. Karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, kitongoji, sahihi, namba ya simu. Watu wanasaini kwa sababu bila sahihi hakuna posho ya nauli. Baada ya miezi sita karatasi ileile inatolewa kama ushahidi kwamba kijiji kiliridhia mipaka ya hifadhi. Katika kijiji kimoja niliwaona wazee wakioneshwa sahihi zao wenyewe, wasiamini walichoambiwa kuwa walikikubali. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye kalamu kijijini pale anatiliwa shaka, nami nikiwa mmojawapo.

Wala si kwamba sheria zetu hazijui njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wanamokaa watu wazima wote wa kijiji, kuwa na kauli katika mgawanyo wa ardhi yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kupanga wapi palimwe, wapi pachungwe na wapi pahifadhiwe. Mkataba wa Ramsar wenyewe, uliosainiwa Iran mwaka 1971, msingi wake ni matumizi ya busara, na mwaka 1999 nchi wanachama zilipitisha miongozo ya kuwashirikisha wenyeji katika kusimamia ardhioevu. Hakuna mahali unaposema mwenyeji ni adui wa maji.

Najua jibu linalotolewa. Wataalamu husema muda umekwisha: watu wanaongezeka, mifugo inaongezeka, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli ndani ya mita 60 za mto, na mwaka 2023 pori tengefu la bonde hili limepandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Tukisubiri kila kijiji kijadili, wanasema, kitabaki nini cha kuhifadhi? Hofu hiyo naielewa, tena naishiriki. Lakini tazameni mahali bikoni za mipaka zilipopigiliwa bila mjadala. Nyingine zimeng'olewa usiku. Nyingine zimo katikati ya mashamba, mpunga umezizunguka pande zote. Askari wa wanyamapori hawawezi kulala kwenye kila jaruba. Haraka hiyo imetugharimu muda zaidi, kwa sababu kila mpaka uliolazimishwa unapimwa upya.

Na watu wakipewa nafasi ya kweli hawasemi "hapana" tu. Kwenye kambi za uvuvi, wa kwanza kulalamikia kokoro na sumu ni wavuvi wenyewe, maana ndio wanaoona samaki wakizidi kuwa wadogo mwaka hadi mwaka. Wanataja kwa majina mabwawa wanakozalia samaki na miezi ambayo hayafai kuguswa. Ujuzi huo haumo kwenye ripoti, kwa sababu hakuna aliyeweka swali lake.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Mlimba, Ulanga, Malinyi na Mji wa Ifakara ziweke masharti matatu kwa kila mradi unaoingia bondeni kupima maisha ya watu. Kwanza, tathmini ifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno na wakati wa njaa, na iwahoji wanawake, wavuvi wa kambini na wafugaji, kila kundi peke yake. Pili, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na nakala ibaki ofisini kwa mtendaji, ambako yeyote anaweza kuidai. Tatu, karatasi ya mahudhurio isihesabiwe tena kuwa ridhaa. Ridhaa iwe muhtasari wa mkutano mkuu uliojadili mipaka, wenye hoja za waliokubali na za waliokataa.

Masharti haya hayahitaji sheria mpya wala mfadhili mpya. Kinachohitajika ni mkurugenzi wa halmashauri atakayekataa kutia sahihi kibali cha utafiti mpaka aoneshwe tarehe ya kurudisha majibu. Kwa upande wangu nimekwisha amua: sibebi tena dodoso la mtu asiyeniambia ni lini tutarudi kijijini kuwasomea watu walichotueleza. Nawaomba wadadisi wenzangu wa bondeni tulikatae kwa pamoja.