Aliyepata Jiwe Haambiliki

Sisi tunaoishi Maganzo tunajua jinsi habari ya jiwe inavyosafiri. Kijana ameshinda miezi akichekecha mchanga, anakula kwa mkopo kwa mama ntilie, na hakuna anayemjua jina. Siku anapookota almasi, jua halijazama, mji mzima unamwita mheshimiwa. Pikipiki zinamfuata, baa zinamfungulia, ndugu wa mbali wanakumbuka ukoo. Jumapili inayofuata, sisi wa Kanisa tunamtafutia kiti cha mbele.

Baada ya muda mfupi yuko tena kwenye chekeche, na sisi tunatikisa vichwa: mpumbavu huyu, hakujua kutunza fedha. Twasema wazi kwamba hukumu hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inatuhusu sisi.

Vitabu vya Hekima havimwiti mtu mpumbavu kwa sababu hakusoma, wala kwa sababu hajui hesabu. Mpumbavu wa Mithali ni mtu asiyeambilika. Njia yake imenyooka machoni pake mwenyewe, na akionywa anachukia (12:1, 15). Fedha inaingia hapo. Mithali 18:11 inasema tajiri huiona mali yake kama mji wenye ngome na ukuta mrefu, lakini ukuta huo umo katika mawazo yake tu. Nyuma yake hasikii tena sauti ya mkewe, ya mzazi, wala ya Mungu.

Lakini ukuta huo haujengi peke yake. Matofali tunambebea sisi. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, ila mkuu lazima kwanza aseme! Siku ya harambee tunamfanya mgeni rasmi, tunatangaza kiasi chake kwa kipaza sauti, kwaya inamzunguka kwa vigelegele. Ni nani kati yetu wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa aliyewahi kumwuliza: Mwanetu, wale uliochekecha nao wamepata mgawo wao? Mkeo aliyebaki kijijini anajua? Jiwe limetoka wapi? Hatuulizi, kwa sababu tunaogopa jibu, na bati za kanisa bado hazijatimia.

Wengine watatujibu kwamba almasi ni kazi ya mikono ya Mungu, na kanisa maskini halina haki ya kuchagua sadaka. La kwanza tunalikubali. Ayubu 28 inamsifu mchimbaji kuliko tunavyomsifu sisi. Inamwona akining'inia mbali na watu, akipeleka mwanga gizani, akipasua mwamba hadi aone kito. Ungedhani mwandishi alifika kwenye maduara ya Rwamgasa. Lakini sura hiyohiyo yauliza hekima ipatikane wapi, na vilindi vinajibu kwamba haimo ndani yao, wala dhahabu haiwezi kuinunua. Tangu Dkt. John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, ardhi yetu imetoa mawe yaliyovuka bahari. Hekima haijawahi kutoka katika shimo lile, na haitatoka.

La pili tunalikataa kabisa. Sadaka isiyoulizwa huondoa kinywa cha Kanisa. Mithali 20:14 inamjua dalali wetu: mbele ya muuzaji analiponda jiwe, akiondoka anajisifu. Mithali 11:1 inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Je, tutahubirije maneno hayo ikiwa mwenye mizani ndiye aliyetununulia vipaza sauti?

Na kunyamaza kwetu hakuleti hasara ya fedha tu. Mithali ikianza tu, sura ya 1, baba anamwonya mwanawe asiwafuate watu wanaovizia damu ili wajaze nyumba zao mali. Kanda yetu ya Ziwa haina haja ya kufafanuliwa. Watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Wauaji na waganga wana hatia yao. Lakini mahali ambapo hakuna anayeuliza mali imetoka wapi, hata mali ya damu inapata kiti cha mbele.

Tena tusiseme mambo haya ni ya wapagani. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha mpango wa DECI, uliowaahidi watu kuvuna fedha nyingi kuliko walizopanda, miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Lugha ya mbegu na mavuno ilitoka madhabahuni kwetu, na waumini waliipokea kwa sababu waliizoea. Sisi Walutheri tusiwanyoshee wengine kidole. Mwaka 1517 Martin Luther aliinuka dhidi ya Kanisa lililouza vyeti vya msamaha, na katika Katekisimo Kubwa anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea, hicho ndicho mungu wako. Mfano wa kwanza anaoutoa ni fedha.

Basi tufanye nini? Tuache kutangaza kiasi cha mtu kwa kipaza sauti. Anapopata jiwe, wazee wawili wamtembelee nyumbani kabla hajapewa kiti, wamwulize yale maswali, waombe naye. Sadaka isiyoweza kujibu irudishwe, hata kama kanisa litabaki bila bati kwa masika nyingine. Na fedha ikiisha, wazee walewale warudi kwake, maana hapo ndipo atakapojua kama tulimpenda yeye au jiwe lake.

Katika Mithali 30, Aguri anamwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri, bali chakula kinachomtosha. Anaogopa akishiba atamkana Bwana, na akikosa ataiba. Huyo ni mtu anayejua kwamba anaweza kuanguka, kwa hiyo bado anaambilika. Tuiombe sala hiyo hapa Maganzo kila Jumapili, kabla kapu la sadaka halijapita, na mchungaji awe wa kwanza kuitamka.