Mteremko wa mashua si karakana

Leo naweka tarakilishi kando kidogo (msiogope, nitairudia kabla ya kumaliza) nizungumzie jambo lililonitia aibu mbele za watu huko pwani. Maoni yangu ni haya: mtu anayeitayarisha au kuifungasha mashua yake katikati ya mteremko wa kushushia vyombo majini anawaibia wenzake. Haibi pesa. Anaiba maji.

Nasema hivi kwa sababu mwizi mwenyewe nilikuwa mimi.

Rafiki yangu, naye mwandishi wa programu hapa Nairobi, ana mashua ndogo ya tanga ya faibaglasi, urefu mita 5 na kitu, inayovutwa kwa trela nyuma ya gari. Safarini mlingoti hulazwa juu yake, na mkifika mnausimamisha. Tulishuka nayo pwani siku za bamvua. Wenyeji wa Mombasa wanajua kwamba siku hizo, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa kumi jioni. Tukashusha mashua saa saba na nusu mchana, maji yakipanda, tukala upepo wetu vizuri, tukarudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Tukarudisha trela majini, tukaifunga mashua kwenye winchi, ikapanda bila taabu. Kazi ya dakika tano.

Kisha tukabaki palepale. Tukakunja tanga. Tukatafuta pini ya mlingoti iliyodondoka. Tukalaza mlingoti, tukafunga mikanda, tukapiga na picha, jua linazama. Nyuma yetu, kwenye boti ya injini, alikuwa baba mmoja na wanawe wawili wadogo wakingoja zamu yao. Aliuliza mara moja tu, kwa upole: "Vijana, bado kidogo?" Tukamjibu bado kidogo. Tulipoondoka ilikuwa saa moja na dakika kumi, na maji yalikuwa yamekwisha kupita mwisho wa saruji. Trela yake ingeshuka zaidi, magurudumu yangedumbukia kwenye tope na yasingetoka.

Tulipomwomba radhi alisema, "Si neno, wanangu. Maji yatarudi." Heri angenitukana.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria maji yanavyopwa katika muda wa saa sita hivi. Gawanya kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mombasa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Chukua mita 3.6 hesabu iwe nyepesi: kila fungu ni sentimita 30. Kwa hiyo katika saa ya tatu na ya nne maji hushuka sentimita 90 kwa saa, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Sisi tulikalia mteremko dakika 40, katikati kabisa ya kipindi hicho. Hizo ni sentimita 60 za kina. Na kama mteremko unashuka mita 1 kwa kila mita 7, ukingo wa maji umerudi nyuma zaidi ya mita 4. Hapo ndipo ilipopotelea zamu ya yule baba. Waswahili walishasema maji yakijaa hupwa. Mimi nilidhani ni methali ya matajiri tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa hili nalijua. Kila wiki nawakemea vijana ofisini kwa ajili yake. Programu inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, tuseme ya kuhesabu salio la akaunti, haiwezi kuruhusu wawili wabadilishe rekodi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha hushika kufuli, hufanya kazi yake, huachia. Sheria ni moja: usishike kufuli mpaka uwe tayari, na ukishalishika usifanye lolote lisilohitaji kufuli. Dhambi kubwa ni programu inayoshika kufuli halafu inamuuliza mtumiaji "Una uhakika?", naye mtumiaji amekwenda kunywa chai. Watu wote wanakwama, na hakuna anayejua kwa nini.

Mteremko ni kufuli. Mashua moja huutumia kwa wakati mmoja, nasi tuliushika tukaenda kunywa chai.

Basi kazi igawanywe hivi.

Kabla ya kugusa mteremko, mkiwa mmeegesha pembeni: simamisheni mlingoti, wekeni usukani lakini uwe umeinuliwa, na ule ubao wa chini unaozuia mashua kwenda upande uwe juu. Tanga liwe tayari ila lisipandishwe. Fungeni kamba ya omo na ya tezi. Ondoeni mikanda yote isipokuwa ule wa winchi. Chomoeni waya wa taa za trela, kwani balbu yenye moto ikiingia maji baridi hupasuka. Na zibeni nguruzi, lile tundu la kutolea maji chini ya chombo. Msicheke. Wapo walioisahau wakaona mashua yao inakunywa bahari kama ngamia.

Muda huo huo beringi za magurudumu zinapoa. Mkitoka safari ndefu zina moto, na mkizitumbukiza moja kwa moja hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi kwenye grisi. Mtalijua hilo mkiwa Mtito Andei, gurudumu likipiga kelele. Kwa hiyo nusu saa ya kujitayarisha pembeni si nusu saa iliyopotea.

Kwenye mteremko wenyewe: rudi nyuma taratibu, mkono mmoja chini ya usukani wa gari, maana hapo mkono ukienda kushoto na trela inakwenda kushoto. Mtu asisimame nyuma ya trela. Mashua ikianza kuelea, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, fungua winchi, sukuma, ondoka. Asishuke nayo mtu asiyejua kamba yake iko wapi.

Kurudi ni yale yale kinyumenyume. Mmoja ateremke akalete gari, mashua ingoje pembeni na sio mbele ya mteremko. Trela isizamishwe kupita kiasi, la sivyo mashua itaelea juu yake na kukaa upande mkitoka. Funga omo kwenye winchi, vuta, panda, toka kabisa. Mikanda, nguruzi, mlingoti, kusuuza chumvi kwa maji baridi, na picha pia, vyote vina nafasi yake huko juu.

Najua kuna atakayenipinga, na ana hoja moja nzito: nyaya za umeme. Mlingoti wa alumini ukigusa waya hewani unaua, na ukiusimamisha mbali inabidi uendeshe gari nao ukiwa wima. Nakubali. Kabla ya kuusimamisha tembea kwa miguu njia yote mpaka majini, macho juu. Kama waya unakatiza njia, usimamishe mlingoti baada ya kuupita, hata kama ni kwenye mteremko, na wenzako wangoje. Uhai wa mtu ni kazi inayohitaji kufuli. Kukunja tanga vizuri sio.

Mwingine atasema, "Lakini hapakuwa na foleni." Bwana, maji yenyewe yako kwenye foleni. Wavuvi wetu wanaelewa hili kuliko sisi wenye matrela: huleta chombo ufuoni maji yakijaa, huyaacha yapwe, chombo kinakaa mchangani, nao wanakipaka na kukiziba mpaka maji yarudi. Maji ndiyo winchi yao, na ratiba ni ya maji.

Yule baba alitia nanga, akangoja. Na sisi tukangoja naye. Hilo lilikuwa dogo tuliloweza. Watoto walilala ndani ya gari letu baada ya chapati. Mwezi ulikuwa mkubwa. Maji yalipwa mpaka saa nne usiku na zaidi, yakaanza kurudi, na saa saba na nusu usiku saruji ikawa chini ya maji tena. Trela yake ilikuwa imeshageuzwa, kamba zimepangwa, kila mtu anajua anashika nini. Nikaangalia saa. Tangu magurudumu yalipoanza kuushuka mteremko mpaka yalipotoka, boti ikiwa juu, zilikuwa dakika sita.

Kisha akaegesha kando, akawasha tochi, ndipo akaanza kufunga mikanda, polepole, bila haraka yoyote.