Kicheko Kinachouliza

Mpenzi mwanafunzi, ukipata nakala ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, usiisome kwa ajili ya mtihani peke yake. Mkusanyiko huu, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa na Longhorn mwaka 2016, ni somo la uraia lililovikwa vazi la kichekesho.

Katika hadithi inayokipa kitabu jina, Said Ahmed Mohamed anasimulia jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka. Linakula kila kilichopikwa, kisha linaahidi kurudi kesho yake kula zaidi. Unacheka. Kesho inapofika, yanakuja matingatinga. Kumbe kinacholiwa ni ardhi ya wanyonge. Katika “Shibe Inatumaliza”, Salma Omar Hamad anatupeleka kwenye sherehe ya Mzee Mambo, ambako magari ya serikali yanahudumia karamu ya mtu binafsi.

Wewe unayeishi Nateete huhitaji kamusi ili ulifumbue fumbo hilo. Kiganda husema okulya obwami, yaani kutwaa uchifu. Kiswahili husema kula rushwa. Kitenzi ni kimoja, chenye asili moja ya Kibantu. Lugha zetu zilitambua zamani kwamba cheo na tumbo ni majirani.

Wapo wanaodai kwamba kuyacheka maovu ni kuyazoea. Hoja hiyo ina uzito, kwani anayecheka na kwenda zake amemsamehe mlaji bila kuombwa. Hata hivyo, hotuba za kukemea rushwa tumezisikia hata masikio yamekufa ganzi. Kichekesho hupenya kwa kuwa hakikutarajiwa. Kosa si kicheko, bali ni kukiacha kiishe bila swali.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ingawa wengi bado wanakihusisha na amri za askari. Hadithi hizi zinakuonyesha Kiswahili kingine, cha raia anayehoji.

Basi soma, ucheke, kisha uandike pembeni mwa ukurasa maswali matatu: Nani anakula? Anakula cha nani? Na waliokuwa wakitazama walifanya nini? Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu linakuhusu wewe na mimi.