Fundi asiyepanda gari lako, mkimbie!

Wiki jana niliwaahidi kumalizia ile habari ya mchumba wa jirani yangu, lakini mchumba atasubiri, kwani ameshazoea. Leo nina langu mwenyewe. Wale tunaoishi mtaa mmoja mtakuwa mmeshaona kwamba kale ka-Suzuki kangu kamerudi barabarani.

Kwa wasiokafahamu, ni SJ413, kadogo, kembamba, kenye springi za majani mbele na nyuma kama lori. Nilikanunua mkononi mwa mtu, na mpaka leo nakapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Tatizo ni njia ya kwetu. Ukisikia naishi Mbezi usidhani ni kando ya lami. Ukiacha lami unaingia ndani ndani huko, na mvua ikinyesha barabara inageuka korongo, kigari kinakwaruza tumbo kama kenge.

Basi nikaamua kukanyanyua. Sitawadanganya, nusu ilikuwa shida ya njia, nusu ilikuwa misifa. Si mnajua gari likiwa juu juu linavyopendeza?

Karibu na kijiwe chetu kuna gereji bubu chini ya mwembe. Jina la bwana mwenyewe silitaji, manake naye anasoma magazeti. Nikamwambia nataka inchi 4. "Braza, inchi nne mbona ndogo! Lete asubuhi, jioni unaondoka na mashine yako." Hakuinama kuangalia chini ya gari. Hakuuliza nabeba nini wala napita wapi. Aliuliza nina shilingi ngapi.

Akachukua majani ya springi ya pikapu iliyokufa, akayapasha moto kwa gesi mpaka yakawa mekundu, akayakunja, kisha akayachomelea juu ya yale ya zamani, ati "yasicheze cheze". Jioni nikaondoka niko juu kama nimekaa ghorofani. Kijiweni wakapiga miluzi. Raha iliyoje!

Raha hiyo iliishi wiki tatu.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Morogoro kutibiwa macho. Walimtoa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na siku ya kumrudisha nyumbani nikaambiwa niendeshe taratibu, mgonjwa asitikisike. Nikaendesha kama nimebeba mayai. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu nikasikia mlio mmoja tu, kaa! Usukani ukanivuta kushoto, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na gari likasimama tairi moja likining'inia juu ya mtaro.

Mama hakupiga kelele. Upande ule wa mtaro alikuwa haoni kitu, bandeji imefunika. Akaniuliza taratibu, "Tumefika, mwanangu?"

Nilishindwa kumjibu. Jicho, nashukuru Mungu, halikudhurika. Lakini siku zote alizorudi kliniki alipanda bajaji, na hakunigombeza hata mara moja. Heri angenigombeza.

Nikamfuata yule bwana wa mwembe na kipande cha springi mkononi. Akakigeuza geuza, akasema, "Braza, hiyo sasa ni mipango ya Mungu." Nikaondoka kabla sijafanya la kufanya.

Kutafuta fundi mjini hapa ni kama kutafuta mchumba: kila mtu ana wa kukuelekeza, na kila anayekuelekeza ana undugu naye. Nilizunguka wiki mbili. Mmoja akaniambia nibandike vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele, mambo yaishe. Mwingine akataka hela yote kabla sijalileta gari.

Akili ilinijia siku moja nikiwa nimekaa kizingitini, malori ya mchanga yanapita. Malori yale yamejaa pomoni, njia ni ile ile ya kwetu, na yanarudi kila siku. Nani anayatengeneza springi? Nikamsimamisha suka mmoja. Akanielekeza Gerezani, kwa mzee mmoja mkunja springi, akanionya: "Usianze na bei, atakufukuza."

Gerezani mnaijua. Ukifika pale maongezi yote ni ya kupiga kelele, manake nyundo hazipumziki. Mzee nikamkuta amekaa kwenye ndoo anakunywa kahawa. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Gari liko wapi?" Nikamwambia limevutwa, liko pale nje. Akachukua kipande cha boksi, akalala chini ya gari, akakaa huko mpaka nikadhani amesinzia.

Alipotoka alikuwa ameshika lile jani namba moja lililokatika. "Limekatikia wapi?" Nikaangalia. Pembeni kabisa ya weldingi.

"Kijana, tindo unaijua? Tindo hizi tunazitengeneza kwa springi za gari. Ukikipasha moto chuma hiki kikawa chekundu, ukakiacha kipoe chenyewe, kinakuwa laini. Ukikizamisha kwenye oili kinakuwa kigumu, lakini ugumu wa kigae, ukigonga kinavunjika, mpaka ukipashe tena kidogo ndiyo kinakuwa springi. Huyu wako amekufanyia yote mawili. Alipochomelea ni kigae, alipokunja ni ugali."

Nikaenda kuuliza zaidi, manake nilitaka kuelewa nilichokaribia kumfanyia mama yangu. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6, wakati chuma cha kawaida cha madirisha na mageti hakizidi sana asilimia 0.2. Kile cha dirisha ukikichomelea hakina neno. Cha springi, pale pembeni ya weldingi panapoa ghafla, panakuwa pagumu na pepesi kuvunjika, ufa unaanza kidogo kidogo bila wewe kuuona. Halafu majani yale yametengenezwa yateleze, moja juu ya jingine, kila gari linapodunda. Ukiyagandisha pamoja, mzigo wote unahamia sehemu moja.

Nikamwambia mzee nataka inchi 4 zangu. Akasema, "Utapata 2." Nikabisha. Akanyanyua gari kwa jeki, akaacha tairi la mbele lining'inie, akanionyesha mpira wa breki: umevutika kama kamba ya nguo, kidogo tu ukatike. Inchi 4 alizonipa yule braza ningezilipa kwa kukosa breki siku moja kwenye shimo refu. Tena propela shafti inakaa upogo, na kigari chenyewe chembamba, ukikinyanyua sana kinapenda kulala kwenye kona.

Hilo la kulala kwenye kona lina historia, ati. Mwaka 1988 jarida la Marekani, Consumer Reports, liliandika kwamba Suzuki Samurai, ndugu wa kigari changu, ni rahisi kupinduka. Kampuni ikapinga vikali, mwaka 1996 ikaenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa kupatana mwaka 2004. Hao walikuwa wanabishania gari lililotoka kiwandani. Mimi nilikuwa nimekaongezea inchi 4 chini ya mwembe!

Kazi ilichukua siku tatu. Mzee alitafuta majani yenye upana sawa na yangu, akayakata kwa urefu wake, akayagonga kwa nyundo yakiwa baridi, nyundo moja baada ya nyingine, mpaka yakalaliana na mengine bila mwanga kupita katikati. Akatoboa tundu la senta bolti. Yubolti akaweka mpya zote, akasema zile za zamani zikishavutwa hazirudiwi. Mipira ya breki akaweka mirefu. Kilichochomelewa ni kishikio cha shokapu peke yake kwenye chesisi, na kabla ya hapo alifungua waya za betri. Mwisho akapima kwa kamba kona zote nne, kama mshonaji suti.

Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya yule wa mwembe. Nikalipa. Kumbe hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa fundi. Mzee akanawa mikono, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. "Twende."

Tulizunguka naye mitaa yote yenye mashimo. Aliniambia nipite matuta bila kupunguza mwendo sana, nikate kona, nifunge breki ghafla, naye amekaa siti ile ile aliyokaa mama, ametega sikio. Tuliporudi akasema nirudi baada ya wiki akaze tena yubolti, manake springi ikishajikalia inazilegeza. Nilirudi, akakaza, akakataa hela.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, ukitaka kunyanyua gari lako, kwanza uliza wenye malori. Ukimpata fundi, mwangalie anaanza na nini, chini ya gari au mfukoni kwako. Akisema springi inachomelewa, mshukuru uondoke. Na kazi ikiisha mwambie akae pembeni yako mkalijaribu. Akijikuna kichwa, ati ana mteja anamsubiri, usiwashe gari hilo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama stendi akapande basi la Morogoro. Bandeji ilishatoka siku nyingi. Alisimama mlangoni akalitazama gari, akaniuliza nani amelitengeneza, nikamsimulia habari za mzee kupanda mwenyewe. Akafikiri, akapanda, akashika kile kishikio cha mbele kwa mikono yote miwili. Tulipoupita ule mteremko alikuwa ametoa macho yote mawili, anautazama mtaro mpaka ukaisha.

Kisha akaachia mkono mmoja, akaanza kuniuliza naoa lini.

Hilo nalo tutaliongea wiki ijayo, pamoja na yule mchumba wa jirani. Mpaka hapo, endesheni salama.